Nafasi ya Samli

Gunia la mchele lilikuwa limeshachambuliwa nusu, na uani kwa Mwanakombo palikuwa pamejaa wanawake mpaka kuku wamekosa pa kukanyaga, Mjumbe Sechonge alipoingia na kofia mkononi. Mwanakombo aliiona kofia kabla ya mtu. Mjumbe wa mtaa kumvulia kofia mpishi, hiyo siyo heshima. Hiyo ni haja.

"Hodi jamani. Bi Kombo, kwako hakuna siku kumepoa."

"Kupoe kwa nini, kwani kuna msiba? Sogea huku, hapo unawakanyagia mchele."

Mchele wenyewe ulikuwa wa Mjumbe. Mwanawe wa pili alikuwa anaoa Jumamosi, na mtaa wa Ukutani, ukioa, ukizika, ukitahiri, sufuria zinatoka kwa Mwanakombo. Tanga iliyobaki juu ya maji ni ndogo, watu wanajuana mpaka majina ya mbuzi, na hakuna aliyekuwa na ubishi kuhusu pilau lake. Wengine walisema ni bizari. Wenyewe walijua ni samli, tena anaitia kwa upawa mkubwa huku akiangalia pembeni, kama aliyemwaga kwa bahati mbaya.

Mjumbe alimvuta hadi karibu na mafiga. Mwanakombo alikuja na mchi wake wa kutwangia karafuu.

"Taa imekuwa njano tangu juzi," Mjumbe alisema kwa sauti ya chini.

"Naiona. Sijapofuka."

"Jumamosi bibi harusi ataingizwa mtaani. Hawezi kupitishwa hapa kwako katikati ya masufuria. Ni lazima apite mbele, na wanaomleta wapite naye."

"Ndiyo harusi ilivyo."

"Wote watakuwa wametoka kula, Bi Kombo. Wakipita chini ya Taa na chakula chako tumboni, itaruka nyekundu. Kibweta kitajifunga. Mtaa mzima utakosa dawa."

"Unataka nipike kwa maji?"

"Astaghfirullah! Walima wa mwanangu?" Mjumbe aliigeuzageuza ile kofia. "Sisi wazee tumekaa. Tumeona tupate nafasi kidogo. Nafasi ya samli, tuseme hivyo. Tumeona mdogo wako Hemedi apumzishwe."

Mchi ulisimama hewani.

Neno hilo, kupumzishwa, lililetwa na Wakala wa Mishipa pamoja na vitu vyake vingine. Walianza na Punje, kidude kama chembe ya ulezi kinachopandikizwa chini ya ngozi ya mkono, kinachosoma lehemu, ule mnata unaoziba mishipa, iliyokaa kwenye damu na mafuta yaliyotoka kuliwa. Wakaleta Taa, nguzo iliyosimikwa pale mtaa unapofungukia barabara kubwa, inayomsoma kila anayepita na kuupa mtaa wastani wake wa mwezi: kijani, njano au nyekundu. Wakaleta na Kibweta, sanduku la chuma pembeni ya Taa, linalompa mgonjwa kidonge chake cha siku na kumtaka akimeze papo hapo, hakuna cha kuweka akiba. Mtaa ukiwa mwekundu, sanduku linafungwa kwa wote. Na mtaa ukiona kuna mtu mmoja anayeupandisha, una ruhusa ya kupiga kura umpumzishe. Punje yake inazimwa. Hahesabiwi tena. Na Kibweta hakimjui tena.

Mwaka uliopita walimpumzisha mshona viatu mmoja wa nyumba za mwisho. Alizikwa kabla ya vuli, na matangani watu walisema kazi ya Mungu haina makosa. Mwanakombo ndiye aliyepika.

"Rudia," alisema.

"Si kwa ubaya. Afisa wao ametuonyesha. Karibu nusu ya uzito wa mtaa huu ni wa mtu mmoja. Kikao ni kesho, baada ya alasiri."

"Hemedi hajala nyama tangu baba yetu azikwe! Hemedi ukimshika mkono unasikia mfupa! Wewe hapo, Mjumbe, kifungo cha shati lako kinaomba msaada, halafu anayewapandisha ni Hemedi?"

"Namba ndizo zinazosema, Bi Kombo. Siyo mimi."

"Namba hazina mdomo. Wewe ndiye uliyekuja na kofia mkononi."

Alipogeuka, alikuta ua umenyamaza. Vidole vilikuwa vinachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Hakuna aliyeuliza kuna nini, na hapo ndipo hasira ilipompanda kwelikweli, kuanzia magotini. Yeye, ambaye mimba za mtaa huu alizijua kabla ya waume wenyewe!

"Mlijua."

"Tulidhani ushasikia, shoga," alisema Bi Mosi, na macho hakuyainua.

"Tokeni. Na mchele wenu acheni hapo hapo."

*

Hemedi alirudi magharibi akiwa amevua viatu, anachechemea. Kazi yake ilikuwa kubeba betri: anazichukua zikiwa zimejaa kwenye kituo cha umeme wa jua ng'ambo ya barabara, anazigawa nyumba kwa nyumba, anazirudisha zilizokwisha, anaanza tena. Alikuwa mwembamba kama ufito. Pembeni mwa macho alikuwa na vivimbe vidogo vya manjano, na mishipa ya visigino ilimtoka minene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Baba yao alikuwa nayo vilevile. Baba yao alianguka akiwa anafunga viatu, hajaota hata mvi moja, na babu yao kabla yake.

Daktari aliwaeleza mapema, wakati bado kulikuwa na daktari wa kukaa naye uso kwa uso. Ini la mtu mwingine, alisema, huikamata lehemu inapopita kwenye damu na kuitoa nje. La Hemedi limezaliwa halina mikono ya kukamatia. Ale majani, afunge mwaka mzima, itabaki juu. Dawa inaishusha, haimalizi. Bila dawa, ni suala la siku gani tu. Mwanakombo, damu moja na yeye, alipimwa akaambiwa yeye mikono anayo, aende zake akapike.

Alimwekea ugali, kunde na mchicha uliochemshwa bila tone la mafuta. Akamwambia. Hemedi alitafuna tonge lake mpaka likaisha.

"Nilihisi," alisema. "Tangu juzi kila nyumba nikipeleka betri wananipa na maji ya kunywa. Watu wa huku wakianza kukuonea huruma, ujue wameshakufanyia jambo."

"Na wewe umekaa tu!"

"Nikasimame wapi, dada? Ile Taa inanijua kuliko mke niliyeachana naye. Kila nikipita: Karibu Hemedi, umehesabiwa. Nina betri mbili begani, jasho mpaka machoni, nayo: umehesabiwa. Mpaka nimezoea naiitikia ahsante."

Mwanakombo alikuwa anamimina maji. Akaacha.

"Kila ukipita?"

"Kila nikipita."

"Kwenda na kurudi?"

"Sasa itanisahau nikigeuka mgongo?"

Aliweka jagi chini, akajitanda kanga, akatoka mlango wa mbele. Hakukumbuka mara ya mwisho alipita pale lini. Nani angepita? Mtaa wa Ukutani umebanwa na ukuta wa mafuriko upande mmoja na nyumba zilizoshikana upande wa pili, njia ya halali ni moja, ile ya Taa. Ila nyumba ya Mwanakombo ina mlango wa mbele unaofungukia mtaani na geti la uani linalofungukia kiwanja cha nyuma. Anayetoka kula supu ya kongoro sokoni, aliyetoka kwenye chipsi, aliyetoka shughulini mdomo unang'aa, wote hupita kwake. Hodi, karibu, za tangu asubuhi, wanapita katikati ya masufuria, wanaacha na habari kidogo kama kodi ya njia. Ndivyo alivyoyajua yote aliyoyajua. Alipenda. Nyumba isiyopitwa na watu ina tofauti gani na kaburi?

Chini ya Taa alikuwepo mzee mmoja tu, anarudi kutoka msikitini. Taa ikamsemesha kwa ile sauti yake laini: umehesabiwa. Mzee akajibu ahsante na kushika njia.

"Babu, rudi upite tena," Mwanakombo alimwomba akiwa amesimama mbali na nguzo. Mzee alimtazama kama mwenye kichaa, akarudi, akapita. Umehesabiwa. Akarudi tena, naye sasa anacheka. Umehesabiwa.

Mtaa mzima ulidhani ni salamu.

Aliwapigia Wakala akiwa amesimama palepale. Akapokea binti, sauti nzuri, ya mtu aliyekaa mahali penye ubaridi.

"Mama, Taa haihesabu watu. Inahesabu vipimo."

"Mtu mmoja akipita mara mia kwa siku?"

"Ni vipimo mia, mama. Mfumo unachukulia kwamba wakazi wote hupita kwa kiasi kinachofanana, asubuhi na jioni. Kwa kawaida hujisawazisha."

"Kwa kawaida ya wapi? Ndugu yangu anabeba betri! Wenzake wanapita uani kwangu!"

"Wanapita wapi, mama?"

Mwanakombo aling'ata ulimi. "Nauliza hivi. Mtu akishapumzishwa, anarudishwa vipi?"

"Harudishwi, mama. Isipokuwa mtaa ukigeuka mwekundu baada ya yeye kupumzishwa. Hapo itaonekana hakuwa yeye chanzo. Mfumo unafuta kura, na gari letu linakuja kumpima kila mkazi kwa sindano, nyumba kwa nyumba. Anayehitaji dawa anaandikiwa kwa jina lake na kwa damu yake. Hapimwi tena na Taa."

"Gari linakuja baada ya muda gani?"

"Wiki, mama. Mbili, kama barabara zina maji. Kwa muda huo Kibweta kitabaki kimefungwa."

"Kwa wote?"

"Kwa wote. Ni kwa usalama wenu. Je, kuna jambo jingine naweza kukusaidia?"

"Ndiyo. Kamwambie aliyeitengeneza hiyo Taa aje aishi chini yake."

*

Tausi alisikiliza hadithi yote akiwa amejinyoosha juu ya mkeka wa Mwanakombo, mto chini ya miguu. Walikua pamoja, walitolewa unyagoni pamoja, na moyo wa Tausi uliposimama mara ya kwanza, ulisimama hapahapa uani, akiwa anakuna nazi. Kibweta kilimpa vidonge viwili kila asubuhi. Siku akichelewa alisema anahisi mtu amemkalia kifuani.

"Kwa hiyo kesho nitasimama, niwaambie," Mwanakombo alisema. "Wapite wote, mwezi mmoja tu, kila mtu na uzito wake. Hemedi ataonekana ni mmoja kati ya watu, basi."

"Wapite nani, Kombo? Mtaa huu huu?" Tausi alicheka kwa pua. "Wewe mwenyewe lini ulipita? Mpishi wa samli, unaonja kila sufuria. Namba yako unaijua?"

Mwanakombo aliinama akaokota chembe ya mchele mkekani.

"Basi. Na wakikataa?"

"Wakikataa nitafunga geti siku ya walima. Wakishakula. Warudi makwao kwa njia ya mbele, tuone Taa itasemaje."

Tausi aliinuka taratibu, akakaa. "Itakuwa nyekundu."

"Ndiyo. Na Hemedi atarudishwa."

"Atarudishwa kwenye sanduku lililofungwa! Wiki nzima, wiki mbili. Atapona yeye? Nitapona mimi?" Sauti yake haikupanda, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Umenihesabu mimi kwenye hesabu zako, shoga? Au mimi ndiye wa kubahatisha?"

"Akipumzishwa atakufa, Tausi. Hapo hakuna kubahatisha."

"Na mimi?"

"Wewe... wiki moja. Labda."

"Labda," Tausi alisema. Alivaa kandambili zake, akaondoka kwa mlango wa mbele bila kuaga.

*

Kikao kilifanyika kiwanjani, mbali na Taa. Walikuja wote, hata wasiokuja mikutano ya maji. Mwanakombo alisimama na kuwaeleza bila kuzungusha: Taa inahesabu nyayo, haihesabu vichwa. Hemedi anapita kutwa nzima ili nyumba zenu ziwe na mwanga, na kila akipita anawekwa mzani upya. Nyinyi mnaopita kwangu na mafuta midomoni hamjawekwa hata mara moja. Nusu ya uzito wa mtaa ni wake kwa sababu nusu ya miguu inayopita pale ni yake!

Minong'ono ilizunguka. Mtu mmoja nyuma alisema hata yeye alishawahi kujiuliza. Mwanakombo aliona nyuso zinalegea, akadhani amewapata.

"Sawa," Mjumbe alisema. "Hoja nzito. Mimi napendekeza tuifanyie kazi. Baada ya harusi."

"Baada ya harusi ndugu yangu atakuwa hana dawa!"

"Kadi zimeshatoka, Bi Kombo. Ng'ombe kashanunuliwa. Wakwe wanatoka Pangani."

"Wewe Sechonge, unampeleka mtu kaburini kwa ajili ya pilau!"

"Pilau lako," Mjumbe alisema. Wapo waliocheka. Kicheko kidogo, cha aibu, lakini kilitoka.

"Pilau langu, ndiyo! Nimewapikia mkizaliwa, nimewapikia mkizikwa! Nimewafungulia mlango usiku na mchana, mmepita na uchafu wenu, sijawahi kumtaja mtu! Leo nawaomba mpite kwenye nguzo. Nguzo! Siwaombi figo!"

Mjumbe akaitisha kura ya kumpumzisha Hemedi, mikono ikainuliwa. Hakutaka kuangalia, akaangalia. Bi Mosi. Muuza mkaa. Yule mzee wa msikitini, aliyecheka jana chini ya Taa. Na kule pembeni, chini ya mwavuli, mkono mwembamba wenye bangili ya fedha, bangili aliyopewa na Mwanakombo siku ya harusi yake. Tausi aliuinua nusu tu, kiwiko kikiwa mapajani, lakini mkono ulioinuliwa nusu unahesabiwa mzima.

Mjumbe alibonyeza kidole gumba kwenye kioo cha kifaa alichopewa na Wakala. Hemedi alikuwa ameegemea mzigo wa betri zake nyuma ya watu wote. Aliutazama mkono wake, pale Punje ilipo, kama anayengoja maumivu. Haukuuma.

"Haya, nimesikia," alisema. "Nani alisema betri yake imekwisha?"

Mwishowe Mjumbe alikohoa. "Zile taa za harusi, Hemedi. Kama zitapatikana nne hivi."

Akaenda kuzileta. Hilo ndilo Mwanakombo hakuweza kulimeza, kuliko mikono yote. Alitamani azipige chini. Alitamani ampige kofi mdogo wake mwenyewe. Aliporudi jikoni alishika mchi na kutwanga karafuu mpaka zikawa vumbi, akatwanga na kinu kitupu.

*

Jumamosi alipika. Wengine walidhani hatapika, Mjumbe alikuwa ameshaulizia mpishi wa mtaa wa pili. Mwanakombo aliwasha mafiga alfajiri, akakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya udongo mwekundu, nyama akaiacha na mafuta yake, samli akaimimina bila kuangalia pembeni. Hemedi, siku ya pili bila kidonge, alimletea kuni, akakaa kwenye kigoda kupumzika kabla hajamaliza mzigo. Hakuwahi kukaa kabla ya kumaliza.

"Dada, usifanye kitu cha kunisingizia mimi," alisema.

"Nani kasema nafanya kwa ajili yako? Nina hasira zangu mwenyewe."

Masinia yalitoka kwenda kiwanjani, yakarudi yamelambwa, yakatoka tena. Wakwe kutoka Pangani walisema hawajawahi kula hivi. Mjumbe alikula, akafungua kile kifungo, akaendelea kula. Taa ilikuwa kijani tangu jana, na kila mtu alikuwa anaitaja kama mvua nzuri. Bibi harusi akainuliwa, vigelegele, matarumbeta, msafara ukazunguka kuelekea mbele. Taa ikawahesabu mmoja mmoja, ikafifia, ikaingia njano, ikatulia. Mjumbe alishusha pumzi ambayo hata wa mbali waliisikia.

Waliobaki kiwanjani wakajikusanya kama kawaida, wakaja getini kwa Mwanakombo.

Geti lilikuwa na kufuli. Mwanakombo alikuwa amekaa mbele yake juu ya sufuria kubwa iliyopinduliwa, mwiko mapajani.

"Hodi," alisema Bi Mosi.

"Hapapiti mtu leo."

"Una mzaha."

"Njia iko mbele. Pana, ina taa."

Ilianza kama utani, ikawa maneno, ikawa matusi. Mchawi. Mbinafsi. Mtu mmoja alisema mlango ule ni wa mtaa, siyo wake. Mwanakombo akamuuliza kama na mwiko ni wa mtaa, aje auchukue. Walioweza kungoja walijaribu kungoja, lakini jua la saa nane kiwanjani halina mchezo, watoto wakaanza kulia, wazee wakataka kujisaidia. Mmoja akaondoka, kisha wawili. Wakafuatana kwenda mbele wameinamisha vichwa, na kila mmoja Taa ikamkaribisha kwa jina. Mtaa wa Ukutani ulikuwa haujawahi kusikia majina yake yote kwa siku moja.

Njano ikakolea, ikawa ya machungwa. Ikagoma hapo.

Tausi alikuja wa mwisho. Mwanakombo alimwona akija, mkono kifuani.

"Mimi tu, Kombo," Tausi alisema. "Nipitishe mimi tu. Nimekula vijiko viwili, kwa heshima. Sitaki niwe mimi niliyeifunga."

Ufunguo ulikuwa kifuani mwa Mwanakombo, ndani ya kanga, umepata joto. Kufungua ni nukta moja. Tausi angepita, geti likafungwa, nani angejua? Akaona ule mkono chini ya mwavuli. Akaona pia mkono uleule ukikuna nazi, miaka yote ile. Hasira na huruma zilimpanda kwa pamoja, asijue ipi ni ipi.

"Nikikufungulia wewe, ndivyo nilivyowafungulia wote," alisema. "Twende."

"Twende wapi?"

"Mbele. Nami sijapita."

Wakaenda, Tausi hatua fupi fupi, Mwanakombo mwiko bado mkononi. Mtaa wote ulikuwa umesimama upande wa pili wa nguzo, unatazama. Tausi akapita kwanza. Karibu, Tausi, umehesabiwa. Taa haikubadilika. Watu wakapumua. Mjumbe alianza hata kutabasamu.

Mwanakombo akapita.

Alikuwa akionja sufuria za mtaa huu tangu alipokuwa kigori. Taa ilimsoma, ikakawia kidogo kama anayesoma barua ndefu, ikataja jina lake, kisha wekundu ukashuka juu ya kila uso, juu ya matarumbeta, juu ya shela ya bibi harusi. Kibweta kilitoa mlio mfupi wa chuma. Ile sauti laini ikatangaza kwamba kura ya Alhamisi imefutwa, gari litafika, wakazi wawe na subira.

Kelele zilizofuata hazikuwa na maneno. Mjumbe alikuwa anampigia Wakala, anapiga, hapokelewi. Mwanamke mmoja aliyebeba mama yake mgongoni alikuwa analigonga sanduku kwa ngumi. Mwanakombo alimtazama huyo mama mgongoni, akajilazimisha asigeuze macho. Hemedi alisimama peke yake, na watu wakawa wanampisha kama anayeambukiza.

"Umefurahi?" Tausi alimuuliza.

"Hapana."

"Gari likikawia nikafa, Kombo, usije kunipikia. Nasema mbele ya watu. Usikanyage."

"Nitakuja," Mwanakombo alisema. "Nitakuja na sufuria zangu, na samli nitatia, na wote hawa watakula. Kwa hiyo usife."

Tausi alitema mate chini, akageuka kwenda kwake. Alitembea polepole, akishika kuta. Mwanakombo alitaka kumshika mkono, Tausi akaupiga kofi mkono wake. Akamwacha mbele, akamfuata nyuma yake, mwendo ule ule, nyumba baada ya nyumba, huku Tausi anamtukana bila kugeuka, yeye, mama yake na aliyemfundisha kupika. Matusi yalikuwa makubwa, ya pumzi ndefu. Mwanakombo aliyasikiliza yote. Kila yalipokatika aliharakisha hatua, na yalipoanza tena, akapunguza.